Rejimenti ya vifaru ya akiba ni kitu gani? Kisa cha Royal Wessex Yeomanry

Neno akiba kwetu lina picha yake. Ni mahindi yaliyobaki ghalani baada ya mengine kuuzwa, ni sarafu za kwenye kibubu, ni kanga mpya ambazo bibi amezifungia sandukuni akisubiri harusi ambayo tarehe yake haijulikani. Ni kitu kilichowekwa kando kikatulia. Kwa hiyo tangu Septemba 2022, Urusi ilipotangaza kuwaita askari wa akiba 300,000, na tangu Januari 2023, Uingereza ilipoahidi kuipelekea Ukraine vifaru 14 vya aina ya Challenger 2, maneno "askari wa akiba", "vifaru vya akiba" na "kikosi cha akiba" yamekuwa yakisikika redioni yakifuatana, na wasikilizaji wengi wameyafunga katika furushi moja. Mmoja atakuambia kwamba kikosi cha vifaru cha akiba ni ghala lenye vifaru vilivyofunikwa maturubai. Mwingine atasema ni wazee waliostaafu ambao jeshi linaweza kuwaita tena. Mtanzania, aliyezoea kuona vijana wa wilaya yake wakihitimu mafunzo ya mgambo ambayo rasmi huitwa mafunzo ya Jeshi la Akiba, atadhani ni mgambo waliokabidhiwa vifaru.

Kila mmoja wa hao ameshika ukweli fulani, lakini hayo anayoyasema ni mambo matatu tofauti, na lile la nne, ambalo ndilo tunalolitafuta hapa, halimo katika majibu yao. Ili tulione vizuri nitatumia mfano mmoja hai: Royal Wessex Yeomanry, rejimenti ya Uingereza ambayo kazi yake ni kuzipatia rejimenti za kudumu za vifaru askari wa kuviendesha. Historia yake ni ndefu, ina fahari na aibu, na inaeleza kuliko kamusi yoyote kwa nini jeshi la nchi tajiri linaendelea kuwafundisha mafundi umeme, walimu na wakulima kurusha makombora mwishoni mwa wiki.

Kwanza, maneno yenyewe

Kifaru cha vita, tofauti na yule mnyama wa porini aliyekipa jina kwa ngozi yake nene, ni gari la chuma lenye minyororo badala ya magurudumu na mzinga juu yake. Challenger 2 ina uzito wa zaidi ya tani 60 na mzinga wa milimita 120. Ndani yake wanakaa watu wanne. Dereva amelala nusu kichalichali mbele, ndani ya tumbo la gari. Mlenga shabaha amekaa kwenye mnara wa chuma, yaani ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga wake, macho yakiwa kwenye darubini. Kamanda yuko juu kidogo nyuma ya mlengaji, naye ndiye anayetafuta adui na kuamua. Wa nne ni mpakiaji, ambaye huingiza kombora kwenye mzinga kwa mikono, kisha huingiza mfuko wa baruti nyuma yake, maana katika Challenger 2 vitu hivyo viwili havikuunganishwa. Mmoja wa hao wanne akikosekana, kifaru hakifanyi kazi yake sawasawa, hata kiwe kipya kiasi gani.

Rejimenti katika jeshi la Uingereza ni neno linalowachanganya hata Waingereza wenyewe. Kwa upande wa vifaru, rejimenti ni kikosi kinacholingana na batalioni ya askari wa miguu, kikiongozwa na luteni kanali na kugawanywa katika vikosi vidogo vinavyoitwa skwadroni. Kwa mpangilio wa miaka ya karibuni, rejimenti ya kudumu ya Challenger 2 ina vifaru 56: skwadroni tatu zenye vifaru 18 kila moja, na viwili vya makao makuu. Ukizidisha kwa watu wanne utapata watu 224 walio ndani ya vyuma, kabla hujawahesabu mafundi, wapishi, makarani na madereva wa malori ya mafuta.

Sasa tuje kwenye akiba. Akiba ya zana ni vifaru visivyo na wenyewe kwa sasa, vilivyohifadhiwa. Huyo ndiye msikilizaji wetu wa kwanza. Akiba ya wastaafu ni askari waliomaliza mkataba lakini ambao sheria bado inairuhusu serikali kuwaita kwa muda fulani. Urusi mwaka 2022 ilikuwa ikiwaita hasa watu wa namna hiyo. Mgambo ni ulinzi wa umma uliotandazwa vijijini na mitaani, ambao kazi yake ya kila siku iko karibu zaidi na usalama wa eneo kuliko na vita vya vifaru, ingawa mgambo wa Tanzania walikwenda mstari wa mbele katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na hilo halifai kusahauliwa. Aina ya nne ni akiba ya kujitolea: raia ambaye huenda hajawahi kuwa askari wa kudumu hata siku moja, ana kazi yake, anajiandikisha mwenyewe, anafundishwa usiku mmoja wa wiki, mwishoni mwa baadhi ya wiki na kambini wiki mbili kwa mwaka, na anakuwa sehemu ya kikosi chenye jina, nembo, makamanda na makao yake.

Royal Wessex Yeomanry ni ya aina hiyo ya nne, na mfano wa karibu wa kueleza kazi yake uko kwenye daladala za Dar es Salaam. Dereva mwenye gari lake la kila siku akiugua au akichoka, gari halilali, anaingia deiwaka. Deiwaka hana gari. Anachomiliki ni leseni, uzoefu wa barabara, na imani ya mwenye gari kwamba atalirudisha zima. Rejimenti ya vifaru ya akiba ni kundi la madeiwaka waliopangwa kijeshi: vita ikiendelea, watu wa ndani ya vifaru huuawa, hujeruhiwa na huchoka upesi kuliko viwanda vinavyoweza kuunda vifaru vipya, na mara nyingi kifaru kilichopigwa hutengenezeka wakati aliyekuwa ndani hatengenezeki. Mfano huu unapungukiwa mahali pamoja tu, kwamba deiwaka wa kawaida huingia peke yake, ilhali rejimenti hii imepewa pia jukumu la kuandaa makundi kamili ya watu wanne waliokwisha kuzoeana.

Wakulima wenye farasi wao

Yeomanry lilikuwa jina la vikosi vya wapanda farasi wa kujitolea vilivyoanzishwa Uingereza mwaka 1794, wakati nchi hiyo ilipokuwa vitani na Ufaransa ya mapinduzi na watu wa pwani waliogopa kuvamiwa. Tarehe 4 Juni mwaka huo, wenye ardhi wa mkoa wa Wiltshire walikutana katika nyumba ya wageni iitwayo Bear, mjini Devizes, wakaamua kuunda vikosi vya wapanda farasi vya mkoa. Kutoka hapo ikazaliwa ile iliyokuja kuitwa Royal Wiltshire Yeomanry, ambayo katika orodha rasmi ya ukubwa wa vyeo vya vikosi vya Yeomanry inashika nafasi ya kwanza. Mikoa jirani ya Gloucestershire, Dorset na Devon nayo ilikuwa na vikosi vyake, na vizazi vya vikosi hivyo vinne ndivyo vinavyounda rejimenti ya leo.

Masharti ya kuingia yalisema mengi juu ya nani alitakiwa. Mtu alikuja na farasi wake mwenyewe. Mwenye shamba kubwa akawa ofisa, wapangaji wake na wakulima wenye uwezo wakawa askari, na kibarua asiye na farasi akabaki nje. Ilikuwa ni akiba ya tabaka moja, na tabaka hilo liliogopa vitu viwili: Wafaransa wa ng'ambo ya bahari, na maskini wa upande wa pili wa ua.

Wafaransa walikuja mara moja tu, Februari 1797, waliposhuka karibu na Fishguard huko Wales, wakasalimu amri baada ya siku chache mbele ya majeshi ya mahali hapo, wakiwemo Yeomanry wa Pembroke. Maskini walikutana na Yeomanry mara nyingi zaidi. Tarehe 16 Agosti 1819, katika uwanja wa St Peter mjini Manchester, Yeomanry wa mji huo waliingia na panga katika umati uliokuwa ukidai haki ya kupiga kura. Watu wapatao 18 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Hao hawakuwa watu wa Wiltshire. Lakini Wiltshire nao wana ukurasa wao. Novemba 1830 vibarua wa mashambani kusini mwa Uingereza walianza kuvunja mashine za kupura nafaka, kwa sababu kupura kwa mikono ndiyo ilikuwa kazi yao ya miezi ya baridi, na mashine ilimaanisha njaa. Tarehe 25 ya mwezi huo, katika shamba la Pythouse karibu na kijiji cha Tisbury, Yeomanry wa Wiltshire waliwashambulia. Kibarua mmoja aliuawa na wengine wengi wakakamatwa. Mwaka uliofuata mfalme akakizawadia kikosi hicho jina la Royal, yaani la kifalme, kikiwa cha kwanza miongoni mwa Yeomanry kupewa heshima hiyo.

Nimelikawilia jambo hili makusudi. Makala nyingi za kusifu vikosi vya kale huruka kutoka kuanzishwa hadi vita kuu kana kwamba miaka 100 ya katikati ilikuwa ya gwaride na karamu. Neno Royal lililoko mbele ya jina la Wiltshire lilipatikana kwa kupambana na watu wenye njaa wa mkoa uleule, na anayetaka kuzielewa desturi za kikosi hana budi kuzipokea pamoja na asili zake.

"Askari wa akiba hawaendi vitani"

Dhana kwamba akiba ni watu wa kukaa nyumbani ina chembe ya ukweli wa kisheria. Katika karne yote ya 19 Yeomanry hawakuweza kulazimishwa kupigana nje ya nchi. Mambo yalibadilika Desemba 1899, Waingereza walipopata vipigo mfululizo kutoka kwa Makaburu huko Afrika Kusini, ambao walikuwa wakulima wapanda farasi waliojua kulenga shabaha. Serikali ikaomba watu wa kujitolea kutoka Yeomanry, na makombania ya Wiltshire na Gloucestershire yakawamo katika batalioni ya kwanza ya jeshi lililoitwa Imperial Yeomanry. Hapo ndipo Yeomanry walipovuka bahari kwa wingi kwa mara ya kwanza. Sheria ya 1907, iliyosimamiwa na waziri wa vita Richard Haldane na kuanza kazi Aprili 1908, ikaiingiza Yeomanry katika jeshi moja la akiba lenye mpangilio. Hata hivyo mwaka 1914 askari bado walilazimika kutia saini upya ili wapelekwe ng'ambo, na walio wengi walitia.

Kisa kimoja cha vita hivyo vya kwanza vya dunia kinastahili nafasi. Tarehe 26 Februari 1916, mahali paitwapo Agagia katika jangwa la magharibi mwa Misri, Yeomanry wa Dorset walipanga mstari wa farasi na kushambulia kwa panga askari wa Senussi, jumuiya ya Kiislamu ya Libya iliyokuwa upande wa Waturuki, waliokuwa wakirudi nyuma huku wakifyatua bunduki za rashasha. Walikuwa wachache, chini ya 200, na karibu theluthi yao waliuawa au kujeruhiwa. Lakini walifika, na miongoni mwa mateka wao alikuwamo kamanda mwenyewe, Jafar al-Askari, ambaye jina lake sikio la Mswahili hulitambua mara moja. Jafar alipelekwa Cairo, akajaribu kutoroka kutoka ngomeni kwa kamba ya mablanketi, kamba ikakatika kwa sababu alikuwa mtu wa mwili mkubwa. Baadaye alijiunga na uasi wa Waarabu dhidi ya Waturuki, upande uleule wa waliomteka, na mara mbili akawa waziri mkuu wa Iraq. Jina la Agagia limebaki katika orodha ya heshima za vita za Yeomanry wa Dorset.

Shambulio kama lile la Agagia lilikuwa la mwisho mwisho wa zama zake. Vifaru vya kwanza vya vita vilionekana Ufaransa mnamo Septemba 1916, miezi saba tu baadaye, na kijiji cha Bovington, kilichoko Dorset kwenyewe, kikawa ndipo watu wanapofundishwa kuviendesha hadi leo.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo watu hulidharau: kwamba desturi ni mapambo tu. Baada ya vita vya kwanza vya dunia serikali iliamua kwamba wapanda farasi wa akiba walikuwa wengi mno. Nani abaki na farasi na nani apewe kazi nyingine? Jibu halikutolewa kwa mitihani wala kwa kura. Vikosi 14 vilivyokuwa juu kabisa katika orodha ya ukubwa ndivyo vilivyobaki na farasi. Wiltshire, wa kwanza katika orodha, wakabaki nao. Gloucestershire wakapewa magari ya deraya. Dorset na Devon wakageuzwa kuwa askari wa mizinga. Nafasi ya kwenye gwaride, ambayo mtu angedhani ni suala la nani atangulie mbele ya nani, iliamua silaha za maelfu ya watu kwa miaka 20, tena kwa kinyume cha maana: waliokuwa wakubwa ndio walioachwa nyuma kiteknolojia. Vita vya pili vilipoanza, Royal Wiltshire Yeomanry walisafiri hadi Palestina mwaka 1940 wakiwa bado na farasi wao.

Farasi waliondolewa mwaka uliofuata. Wiltshire wakapanda malori, wakavuka jangwa hadi Iraq Mei 1941, wakapigana Palmyra nchini Syria, ndipo wakafundishwa vifaru. Wakati huo wenzao wa Gloucestershire, waliozoea injini tangu 1920, walikuwa Libya: tarehe 19 Novemba 1941, mahali paitwapo Bir el Gubi, rejimenti yao ya pili ilikimbiza vifaru vyake vya Crusader moja kwa moja kuelekea mizinga ya divisheni ya Ariete ya Waitaliano iliyokuwa imejichimbia, na ikapoteza vifaru vingi kwa siku moja. Brigedi yote iliyoshambulia siku hiyo iliundwa na rejimenti tatu za Yeomanry. Ujasiri wao haukuwa na shaka; waliachwa washambulie kama wapanda farasi, bila askari wa miguu na mizinga ya kutosha nyuma yao, na jangwa halikusamehe.

Zamu ya Wiltshire ilikuja usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba 1942 huko El Alamein, Misri. Brigedi ya 9 ya vifaru, yenye Royal Wiltshire Yeomanry, Warwickshire Yeomanry na rejimenti moja ya kudumu, ilitakiwa ivunje ukuta wa mizinga ya kuzuia vifaru kabla ya mapambazuko. Jenerali Montgomery, kamanda wa jeshi la Uingereza huko, alikwisha kusema yuko tayari brigedi hiyo ipotee yote ilimradi njia ifunguke. Shambulio lilichelewa nusu saa. Nusu saa hiyo ilitosha jua kuanza kuchomoza nyuma ya vifaru, vikaonekana kama vivuli vyeusi juu ya anga jeupe mbele ya walenga shabaha wa Kijerumani. Kati ya vifaru 94 vilivyoingia, zaidi ya 70 vilipotea asubuhi hiyo. Njia ilianza kufunguka, na siku mbili baadaye jeshi la Rommel, kamanda wa Kijerumani, likaanza kurudi nyuma. Rejimenti mbili kati ya tatu zilizolipa bei hiyo zilikuwa za akiba.

Umri wa rejimenti

Je, Royal Wessex Yeomanry ina umri gani? Ukisoma nembo utasema inatoka 1794. Ukisoma makaratasi utasema tarehe 1 Aprili 1971. Majibu yote mawili ni sahihi. Mwaka 1967 serikali ilipunguza jeshi la akiba kwa kiasi kikubwa, na vikosi vya mikoa vikabaki vivuli tu, watu wachache wa kulinda jina. Miaka minne baadaye mabaki hayo yakaunganishwa kuwa rejimenti mpya iliyopewa jina la Wessex, ufalme wa kale wa kusini magharibi mwa Uingereza. Neno Royal likaongezwa mwaka 1979, na Dorset wakajiunga baadaye. Ilikuwa kama koo nne zilizohamishiwa kijiji kimoja: serikali ya kijiji ni moja, mwenyekiti ni mmoja, lakini kila ukoo una upande wake wa kijiji na makaburi ya babu zake.

Mpangilio wa ndani unaonyesha hivyo waziwazi. Skwadroni za Wiltshire ziko Salisbury na Swindon, za Gloucestershire Cirencester, za Dorset Bovington, za Devon Barnstaple na Paignton, na kila moja huongeza jina la mkoa wake baada ya herufi yake. Kwa miaka mingi hata beji za kofia zilitofautiana ndani ya rejimenti moja: Wiltshire walivaa manyoya matatu ya mbuni, alama ya Prince of Wales, na Gloucestershire walivaa lango la chuma la ukoo wa wakuu wa Beaufort, wenye ardhi yao. Kwa mtu wa nje haya ni mambo madogo. Kwa ofisa anayetakiwa kumshawishi fundi bomba wa Barnstaple aache mpira na familia ili akalale ndani ya chuma baridi, tofauti kati ya kusema "njoo jeshini" na kusema "njoo kwenye kikosi cha mji wako, alikopigana babu yake jirani yako" si ndogo hata kidogo. Jeshi la kudumu linaweza kumwamuru mtu ahame. La akiba lazima limfuate mtu alipo, na jina la mkoa ndilo daraja.

Neno Hussars ambalo Gloucestershire walikuwa nalo katika jina lao lilitokana na wapanda farasi wepesi wa Hungaria, waliosifika kwa jaketi za kamba na mwendo wa kasi. Leo warithi wao hufundishwa juu ya gari la zaidi ya tani 60. Inachekesha kidogo, na wao wenyewe, kama ninavyowafahamu Waingereza, wangekuwa wa kwanza kucheka.

Kazi ya leo, na siku 27

Kati ya 1971 na miaka ya karibuni rejimenti ilipitia kazi kadhaa, mojawapo ikiwa upelelezi wa ulinzi wa nyumbani kwa magari ya Land Rover, kabla ya kurudishwa kwenye vifaru. Jeshi la akiba lenyewe lilibadilishwa jina rasmi mwaka 2014, kutoka Territorial Army kuwa Army Reserve. Mwanzoni Royal Wessex Yeomanry walitakiwa kutoa mtu mmojammoja, mpakiaji hapa na dereva pale. Baadaye wakapewa jukumu lile la makundi kamili. Askari wake wamehudumu mmojammoja Iraq na Afghanistan pamoja na vikosi vingine.

Swali la haki ni hili: mtu anayefanya mazoezi ya lazima siku 27 tu kwa mwaka, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha vikosi vya mikoa, anaweza kweli kukaa ndani ya kifaru vitani? Jibu langu ni kwamba inategemea kiti. Upakiaji unahitaji nguvu, utaratibu na kurudiarudia, na mtu makini anaweza kuubakisha mikononi. Udereva nao hukaa. Kulenga shabaha huchakaa upesi, ndiyo maana walengaji hutumia muda mwingi kwenye mashine za kuigiza kabla hawajapelekwa uwanja wa kurushia risasi wa Lulworth, karibu na Bovington. Ukamanda ndio mgumu kuliko vyote, kwa sababu kamanda wa kifaru anapaswa kusoma ardhi, kuongea redioni na kuamua kwa wakati mmoja, na hilo halifundishiki vizuri kwa siku 27. Wanaofika huko kwa kawaida hujitolea siku nyingi zaidi ya zile za lazima, au waliwahi kuwa askari wa kudumu. Anayesema deiwaka ni sawa kabisa na mwenye gari anatia chumvi. Anayesema hafai kitu hajawahi kukwama barabarani.

Wala hawa watu hawafanyi bure. Hulipwa kwa siku wanazofanya kazi, na anayetimiza masharti ya mwaka hupata malipo ya ziada yasiyokatwa kodi. Sheria ya 1996 inaipa serikali uwezo wa kuwaita, na sheria ya 1985 inamlinda aliyeitwa ili akirudi mwajiri asimwambie nafasi yake imeshachukuliwa.

Kabla Mkenya hajasema haya ni ya Wazungu wa mbali, inafaa kukumbuka kwamba Uingereza iliupeleka mpango unaofanana na huu Nairobi. Kenya Regiment, iliyoundwa mwaka 1937, ilikuwa akiba ya kujitolea ya walowezi peke yao, na kazi yake kubwa katika vita vya pili ilikuwa kutoa maofisa na masajini kwa ajili ya King's African Rifles, ambamo askari wa kawaida walikuwa Waafrika. Akiba ya watu wenye ujuzi, waliokusanywa chini ya jina moja ili wagawiwe kwingine, na mlango wake ukifunguliwa kwa tabaka moja: Devizes ya 1794 ingeitambua bila shida.

Sasa rejimenti inakabiliwa na mabadiliko mengine. Mwaka 2021 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuvigeuza vifaru 148 kuwa Challenger 3, vyenye mnara mpya wa chuma na mzinga mpya wenye mtutu laini kwa ndani, tofauti na ule wa zamani wenye mifuo. Kombora lake huja likiwa limeunganishwa na baruti yake, kitu kimoja, kizito zaidi kushika. Mpakiaji wa Swindon au Paignton, ambaye kwa miaka mingi mikono yake imezoea kombora kwanza, mfuko baadaye, itambidi aisahaulishe mikono hiyo na kuifundisha upya, usiku mmoja wa wiki, baada ya kazi.